Machicha ya Mshtarii: kwa nini filamu ya dakika tatu ya sayari hujaza kompyuta

Mwezi Januari 2026, siku zile sayari ya Mshtarii (Jupita) ilipokuwa ikichomoza wakati jua linazama na kukesha juu ya ghuba ya Tanga, kijana mmoja wa Ngamiani alinijia nyumbani jioni akiwa amekumbatia kompyuta mpakato kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa amepata darubini ya mtumba ya inchi nane na kamera ndogo ya sayari, ile inayochomekwa mahali pa jicho na kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Nimepiga Mshtarii mara tano tu, kila mara dakika tatu, na mashine inasema haina nafasi. Nadhani imeingia kirusi."

Tulifungua. Mafaili yalikuwa matano, kila moja gigabaiti 37 na ushei, jumla zaidi ya gigabaiti 186, ndani ya diski ya gigabaiti 256 ambayo tayari ilikuwa imebeba Windows, muziki na harusi nzima ya dada yake. Kirusi hakikuwapo. Kilichomshangaza yeye huwashangaza wengi, kwa sababu kila mtu amezoea kwamba filamu ya saa mbili, yenye wahusika, magari na milipuko, huingia kwenye gigabaiti moja au mbili, na hapo hapo anaambiwa kwamba duara dogo linalotetemeka kwenye giza kwa dakika tatu linahitaji nafasi ya filamu ishirini. Jambo hili linaeleweka vizuri likianzwa kwenye mzizi wake, na likishaeleweka, sehemu kubwa ya mzigo huo huondoka kabla hata kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa.

Tuanze na maneno. Fremu ni picha moja tuli. Filamu yoyote ni fremu nyingi zinazopita upesi kiasi kwamba jicho huziona kama mwendo. Pikseli ni nukta moja ya fremu. Baiti ni kipimo cha nafasi, na katika namna nyepesi ya kurekodi, pikseli moja huchukua baiti moja. Megabaiti ni baiti milioni moja, na gigabaiti ni baiti bilioni moja. Windows huhesabu gigabaiti kwa kuzidisha 1,024 badala ya 1,000, ndiyo maana diski iliyoandikwa 256 dukani huonekana kama 238 nyumbani, hakuna aliyekuibia.

Ukiyajua hayo, ukubwa wa faili ghafi, yaani faili ambalo halijabanwa, unaupata kwa kuzidisha tu. Kamera ya kijana huyu ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, kwa hiyo fremu moja ni baiti 2,073,600. Alirekodi fremu 100 kwa sekunde, kwa sekunde 180. Zidisha, utapata baiti 37,324,800,000. Faili halikuvimba wala kuharibika. Lilikuwa na ukubwa uleule ambao hesabu ilikuwa imeutabiri.

Sasa, mbona filamu ya kawaida haiwi hivyo? Kwa sababu filamu ya kawaida imebanwa, na imebanwa sana. Filamu ya saa mbili yenye pikseli hizohizo, ikiwa na rangi kamili na fremu 24 kwa sekunde, ingeandikwa bila kubanwa ingezidi gigabaiti 1,000. Programu ya kubana huipunguza mara mia kadhaa kwa ujanja wa aina mbili. Kwanza, huandika fremu moja nzima kisha kwa zinazofuata ikaandika yale tu yaliyobadilika: watu wawili wakizungumza kwenye kochi, ukuta wa nyuma yao hauhitaji kuandikwa tena na tena. Pili, hutupa vitu vidogovidogo ambavyo jicho la mtazamaji haliwezi kuvikumbuka, kama vile vinyweleo vya zulia au tofauti hafifu ya rangi ndani ya kivuli.

Kwa tamthilia, huo ni ujanja mzuri. Kwa sayari ni hasara, kwa kuwa kitu tunachokitafuta ni hivyo vitu vidogovidogo vyenyewe: mstari mwembamba kati ya mikanda miwili ya mawingu ya Mshtarii, au pengo jeusi katika pete za Zohali. Programu ya kubana haijui kwamba unyuzi ule hafifu ni wingu lenye upana wa maelfu ya kilomita. Huuona kama uchafu na kuufuta. Wapo wanaobadilisha filamu kuwa MP4 kwanza "ili ipungue" na kuichakata baadaye, na hao hujikuta na picha laini kama iliyopakwa mafuta, wasijue kosa limeanzia wapi. Kuituma kwa WhatsApp ni vilevile, maana nako hubanwa. Kufunga faili kwa zip hakuharibu chochote, kwa sababu kila baiti hurudi ilivyokuwa, lakini faida yake kwa filamu za sayari ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Fremu hizi zimejaa chenga, zile nukta za kumetameta zinazofanana na za televisheni isiyoshika mawimbi, na kitu kisichojirudia hakibaniki kirahisi.

Hapa ndipo swali la pili linapokuja, nalo ndilo kubwa zaidi: kwa nini mtu arekodi maelfu ya fremu za kitu kilekile? Si apige picha moja nzuri?

Angefanya hivyo kama pasingekuwa na hewa. Mwezi ule Mshtarii ilikuwa umbali wa kilomita milioni 630 hivi kutoka kwetu, na mwanga wake ulisafiri dakika 35 bila kubughudhiwa na kitu chochote. Vurugu zote zilitokea katika kilomita chache za mwisho. Tia sarafu chini ya ndoo ya maji, kisha tikisa ndoo kidogo. Sarafu haijasogea, lakini kingo zake zinacheza, zinavimba, zinagawanyika, na mara moja moja, kwa kufumba na kufumbua, inaonekana safi hata maandishi yake yakasomeka. Hewa ya joto na baridi iliyochanganyika hufanya hivyohivyo kwa mwanga. Mjini Tanga tatizo huongezwa na mabati na zege, ambavyo vimekunywa jua tangu asubuhi na usiku huanza kulitapika, kwa hiyo anayeelekeza darubini yake juu ya paa la jirani anatazama kupitia mvuke wa moto. Kwa upande mwingine, sisi tulio nyuzi 5 kusini mwa ikweta tumependelewa kwa jambo moja: sayari zinapofika kilele cha safari yake ya usiku hupita karibu na utosi, nyuzi 60 au zaidi kutoka upeo wa macho, na mwanga wake hukata hewa kidogo. Mwenzetu wa London, mwaka 2018, aliitazama Zohali ikiwa nyuzi 16 tu juu ya mapaa.

Mwaka 1978 mtaalamu wa macho David Fried alichapisha hesabu ya uwezekano wa kupata picha kali kwa bahati, yaani picha iliyopigwa kwa muda mfupi mno katika nukta ile ambayo hewa imetulia. Kamera ndogo za kompyuta za miaka ya mwanzo ya 2000 ziliifanya hesabu hiyo kuwa kazi ya mtu yeyote mwenye subira. Unapiga fremu nyingi fupi, kila moja ya sehemu ya mia ya sekunde au chini yake. Programu kama AutoStakkert inapima ukali wa kila fremu, inazipanga kuanzia bora hadi mbovu, inachukua asilimia chache za juu, inazilinganisha pikseli kwa pikseli na kuzirundika juu kwa juu ili kupata wastani wake. Anayepeta mchele kwenye ungo ataielewa kazi hii bila kufundishwa.

Kurundika kuna kazi ya pili, nayo ni kuondoa chenga. Fremu moja fupi ina mwanga kidogo, kwa hiyo ina chenga nyingi. Chenga za fremu hii hazilingani na za fremu ile, na kwenye wastani wake hujifuta zenyewe, lakini kwa kasi ndogo: hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Fremu 100 zinapunguza chenga mara 10. Fremu 3,600 zinapunguza mara 60. Ukitaka mara 120 inabidi uwe na fremu 14,400. Ndiyo sababu maelfu yanahitajika, na ndiyo sababu pia, baada ya kiwango fulani, kuongeza fremu ni kujaza diski bila picha kuonekana bora.

Usiku mmoja tulikwenda na kijana huyu Raskazoni, mahali ambapo upepo wa bahari haupiti kwanza juu ya nyumba za watu. Kwenye kioo cha kompyuta Mshtarii ilikuwa duara la kijivu lenye ukubwa wa kifungo cha shati, likichemka pembeni kama uji. Nikamwambia ahesabu ni mara ngapi mikanda miwili mikubwa ingeonekana wazi kwa pamoja. Katika dakika nzima alihesabu saba. Kisha akauliza jambo ambalo ningependa kila anayeanza aulize: "Kwa hiyo vyote vingine ni machicha?"

Ndiyo, ni machicha, na neno hilo limenisaidia kueleza kuliko yote niliyowahi kusoma. Nazi hukunwa nzima, hutiwa maji, hukamuliwa kwenye kifumbu, na kinachoingia chunguni ni tui. Faili ghafi ni nazi iliyokunwa. Picha ya mwisho ni tui. Hakuna mpishi anayejaza kabati kwa machicha ya mwaka jana, na hakuna anayeyatupa kabla hajakamua. Wanaoshindwa na mafaili ya sayari hukosea mojawapo ya mambo hayo mawili, na wengi hukosea la tatu, ambalo ni kukuna na kifuu.

Kifuu, kwa kijana wetu, kilikuwa giza. Darubini yake ina urefu wa kulenga wa milimita 2,030, na pikseli za kamera yake zina upana wa maikromita 2.9, kwa vipimo hivyo Mshtarii ya Januari ilikuwa duara la pikseli 156 hivi. Eneo la duara hilo ni pikseli 19,000 na kidogo. Fremu nzima ina zaidi ya milioni mbili. Maana yake, asilimia 99 ya kila fremu aliyoirekodi, na kwa hiyo asilimia 99 ya zile gigabaiti 186, ilikuwa ni anga nyeusi. Programu za kurekodi kama FireCapture na SharpCap zina mahali pa kuchagua dirisha dogo la kihisio, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ili kamera isome na kutuma sehemu hiyo tu. Dirisha la pikseli 400 kwa 400 linaiacha Mshtarii na nafasi ya kutosha pande zote, na fremu inashuka kutoka baiti milioni mbili hadi 160,000, yaani karibu mara 13. Picha ya sayari yenyewe haipotezi hata pikseli moja. Na kwa kuwa kamera ina kidogo cha kusoma, huweza kwenda kasi zaidi: fremu 200 kwa sekunde kwa dakika tatu ni fremu 36,000, gigabaiti 5.76. Ukichukua asilimia 10 bora, unabaki na zile fremu 3,600 zinazopunguza chenga mara 60.

Kuna sharti hapa ambalo wenye darubini zisizo na mota wanapaswa kulijua. Dunia inazunguka, na darubini isiyofuata anga huiona sayari ikikatiza dirisha zima la pikseli 1,920 kwa muda usiofika sekunde 40. Katika dirisha la 400 ingepita kwa sekunde tano hivi. Mtu wa namna hiyo hana budi kurekodi kwa upana wote, sayari ikikatiza kutoka ukingo hadi ukingo, kisha aipitishe filamu katika PIPP, programu ya bure inayoitafuta sayari katika kila fremu, kuiweka katikati na kukata giza lililobaki. Faili jipya likishahakikiwa, la zamani lifutwe hapo hapo.

Giza si kifuu pekee. Wengi huchagua kurekodi kwa biti 16 badala ya 8 kwa kuamini kwamba namba kubwa ni ubora mkubwa, na faili huongezeka mara mbili, maana pikseli moja sasa inachukua baiti mbili. Biti 8 hutoa ngazi 256 za mwanga kati ya nyeusi na nyeupe, na ni kweli kwamba kwa picha moja hizo ni chache. Lakini sisi hatutengenezi picha moja. Chukua pikseli ambayo mwanga wake halisi ni 100.4. Kwa sababu ya chenga, fremu hii itaisoma 97, ile 103, nyingine 101, na wastani wa fremu elfu kadhaa utatua karibu sana na 100.4, namba ambayo hakuna fremu hata moja iliyoweza kuiandika. Chenga zenyewe zinajaza pengo kati ya ngazi na ngazi. Kwa sayari, ambapo geini ya kamera, yaani kiwango cha kukuza mwanga hafifu, huwa juu na chenga ni nyingi, biti 8 zinatosha; biti 16 zina nafasi yake pale ambapo geini ni ndogo na picha ni safi tangu mwanzo.

Vivyo hivyo kwa rangi. Kihisio cha kamera ya rangi hakioni rangi tatu katika kila pikseli. Kila pikseli imefunikwa kichujio kimoja, chekundu, kijani au buluu, na rangi kamili hukisiwa baadaye kutokana na majirani. Ukiiruhusu programu ikisie wakati wa kurekodi, kila pikseli itaandikwa kwa baiti tatu, mbili kati yake zikiwa za kukisia tu. Rekodi ghafi, katika faili la aina ya SER, kisha iachie programu ya kurundika ikisie rangi mwishoni. Umekwepa theluthi mbili za mzigo bila kupoteza taarifa yoyote ambayo kamera iliiona.

Kuhusu urefu wa filamu, sayari yenyewe ndiyo inayoamua. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, na kwa ukubwa iliokuwa nao mwezi ule, alama iliyo katikati ya duara husogea karibu robo ya sekunde ya tao (kipimo cha pembe, sehemu moja ya 3,600 za nyuzi moja) kwa dakika. Kwa darubini ya kijana huyu, dakika tatu ni zaidi ya pikseli mbili. Ukirekodi dakika kumi ili "upate fremu nyingi", unarundika mawingu ambayo hayako tena mahali pake, na picha inapakaa. Mirihi hujizungusha kwa saa 24 na dakika 37 na duara lake ni dogo, kwa hiyo huvumilia muda mrefu zaidi. Zohali nayo huzunguka upesi, lakini alama zake ni hafifu na pete zake hazionyeshi mzunguko, hivyo watu huipa dakika tano bila wasiwasi. Mwezi ni habari nyingine kabisa: unajaza fremu nzima, dirisha dogo halisaidii, na njia pekee ya kuubana ni kurekodi sekunde chache.

Kijana alikuwa na lalamiko jingine. Hata alipoagiza fremu 100 kwa sekunde, usiku wa kwanza, kabla ya zile filamu tano, alikuwa akipata 19. Aliyemuuzia alimwambia kamera ni mbovu. Kamera ilikuwa nzima; alikuwa ameichomeka kwenye tundu la zamani la USB. Aliyewahi kujaza dumu kwa faneli anajua kwamba ukubwa wa bomba si kitu kama mdomo wa faneli ni mwembamba. Filamu ya sayari hupita kwenye waya, kwenye tundu la USB, kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kisha kwenye diski, na kasi ya jumla ni ya kile kilicho chembamba kuliko vyote. USB 2.0 imeandikwa 480, lakini hizo ni megabiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo ni megabaiti 60 kwenye karatasi na 40 hivi katika matumizi. Gawa megabaiti 40 kwa fremu ya megabaiti mbili na ushei, utapata fremu 19 zake. USB 3.0 imeandikwa gigabiti 5 na kizuizi hicho huondoka, mradi waya nao uwe wa USB 3.0. Dirisha la pikseli 400, kwa megabaiti 32 kwa sekunde, lingepita hata katika tundu la zamani.

Baada ya tundu ni diski. Diski ngumu ya kuzunguka, hasa ikiwa imekaribia kujaa, huandika megabaiti 100 hivi kwa sekunde, pengine pungufu. Diski ya SSD ya kawaida huandika hata 500. Diski ikizidiwa, fremu husubiri kwenye kumbukumbu ya muda, na hiyo ikijaa fremu zinadondoka, yaani zinapotea moja kwa moja. Programu huonyesha idadi ya zilizodondoka pembeni mwa kioo. Namba hiyo ikianza kupanda, punguza dirisha au kasi. Kamwe usirekodi moja kwa moja kwenye flashi, na kompyuta iwe kwenye umeme kama upo, kwa kuwa nyingi zikiwa kwenye betri hujipunguzia kasi. Rekodi kwenye SSD ya ndani, hamishia diski ya nje asubuhi. Diski ya nje ya kuzunguka haipendi kugongwa ikiwa kazini, na meza iliyo gizani kando ya darubini, yenye nyaya zinazonasa miguu, si mahali pake.

Kero inayoleta ugomvi kuliko zote ni ya flashi. Mtu ana flashi ya gigabaiti 64, tupu, na faili la gigabaiti 5.76, na kompyuta inakataa kwa kusema faili ni kubwa mno. Nafasi ipo tele. Tatizo ni mpangilio. Flashi nyingi huja zikiwa zimefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani usioweza kuandika faili moja linalofika gigabaiti 4 za hesabu ya Windows, hata kama flashi ni kubwa kiasi gani. Ni kama daftari la hesabu ambalo kila ukurasa una nafasi ya tarakimu kumi tu: kurasa ziko nyingi, ila namba yenye tarakimu kumi na moja haiandikiki popote. Dawa ni kuifomati flashi upya kwa exFAT. Kufomati hufuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisha kwanza kilicho muhimu. Na anayedhani atakwepa yote hayo kwa kupandisha faili intaneti apige hesabu kabla hajanunua bando: kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, filamu moja ya gigabaiti 5.76 hupanda kwa zaidi ya saa mbili na nusu, na hiyo ni ya dakika tatu.

Kuna jambo la saa, ambalo huwatatiza Waswahili kuliko wengine. Baada ya kurundika, wengi hutumia WinJUPOS, programu inayoweza kurekebisha mzunguko wa Mshtarii na kuunganisha picha za filamu kadhaa zilizofuatana, lakini ili ifanye hivyo inahitaji kujua dakika halisi ya kila filamu kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Faili lililoandikwa 2026-01-10-1842 lilirekodiwa saa 18:42 ya dunia, ambayo kwenye simu zetu ni 21:42, na kwenye vinywa vyetu ni saa tatu na dakika 42 usiku. Nimeona mtu akibadilisha jina la faili kuwa "Mshtarii saa 3 usiku", na kwa hilo akawa ameizungusha sayari karibu nusu mzunguko mbali na ilipokuwa, maana kwa saa 3 ya dunia Tanga ilikuwa tayari asubuhi siku ile. Acha jina lililotolewa na programu, na hakikisha saa ya kompyuta ni sahihi kabla ya kurekodi. FireCapture huandika pia kijifaili cha maandishi pembeni, chenye muda, geini na mipangilio yote. Hicho ni kilobaiti chache tu na hakifutwi kamwe.

Sasa tufike kwenye kutupa. Filamu ya gigabaiti 5.76 ikishakamuliwa, picha yake ya rangi ya biti 16, pikseli 400 kwa 400, ni baiti 960,000. Kutoka nazi hadi tui, mzigo umepungua mara 6,000. Ushauri wangu ni kukamua ndani ya wiki ileile, kabla usiku mwingine haujaleta nazi nyingine, na kutofuta faili ghafi mpaka umeifungua picha iliyorundikwa na kuitazama kwa macho yako.

Kabla ya kufuta, liko jambo moja ambalo machicha hustahili kufanyiwa. Tarehe 3 Juni 2010, Anthony Wesley wa Australia na Christopher Go wa Ufilipino, kila mmoja kwake, walirekodi mmweko wa sekunde chache juu ya Mshtarii: jiwe la angani lilikuwa limeingia kwenye mawingu yake na kuungua. Mmweko wa namna hiyo hauonekani kwenye picha iliyorundikwa, kwa sababu umo kwenye fremu chache kati ya maelfu. Marc Delcroix wa Ufaransa ametengeneza DeTeCt, programu ya bure inayozipitia filamu ghafi fremu kwa fremu kuutafuta. Mwezi Septemba 2021, José Luis Pereira wa Brazili aliipa filamu zake za usiku, akaenda kulala, na asubuhi akakuta imemwandikia kwamba kuna kitu. Inapitisha filamu za usiku mzima bila wewe kuwapo, na matokeo yake, hata yakiwa ya kusema hakuna kitu, hutumwa kwa wanaokadiria ni mara ngapi Mshtarii hupigwa.

Baada ya hapo, futa. Mimi hubakiza filamu ghafi moja tu kwa usiku, ile ambayo hewa ilikuwa bora, kwa kuwa programu za kurundika huzidi kuboreshwa na tui jingine laweza kupatikana humo baada ya miaka miwili. Zilizobaki sina kazi nazo. Usisahau kulimwaga na pipa la taka la kompyuta, kwa sababu faili lililofutwa na kukaa humo bado linashika nafasi yake yote.

Kijana alifanya hivyo mbele yangu, sebuleni, kwa filamu zake tano. Alizikata giza kwanza, akazirundika, akaziendesha kwenye DeTeCt, ambayo haikuona kitu. Nne akazifuta. Kidole chake kilikaa muda juu ya kitufe kabla ya ile ya mwanzo kabisa, na nikamwambia kama anaipenda aibakize hiyo badala ya iliyo bora, kwani diski ni yake.